Mama kafariki, ile gemu tuliyokuwa tunakesha nayo siwezi kuiacha

Shikamoo anti. Hii meseji nimeiandika nikaifuta kama mara nne, leo nimesema ngoja niitume tu maana nikiendelea kukaa nayo moyoni ntaumwa. Naomba jina langu usilitaje.

Mi ni wakala wa pesa za simu hapa Buguruni, nina miaka 34, nimeolewa, watoto wawili, mkubwa ana miaka 6. Mwaka jana mwezi wa 9 mama yangu mzazi aliumwa figo, akalazwa akatoka, akalazwa tena akatoka, mwisho tukamleta kwangu tumuuguze. Tukagawana na mdogo wangu, yeye mchana mi usiku kwa sababu usiku kibanda nimefunga. Sasa anti usiku mama alikuwa halali kabisa, mwili unamuwasha, miguu imevimba, na mi nikilala namkuta amekaa kitandani peke yake gizani anaangalia ukuta. Ndo nikadaunlodi gemu ili nisisinzie. Zile za kupanga vitu vitatu vya rangi moja vinapasuka, yangu ni ya matunda.

Siku moja naona mama kainamia simu yangu. Kanyoosha kidole, kimekonda mpaka pete inazunguka yenyewe, ananiambia "pale, lile la njano, lishushe." Nikashusha, yakapasuka manne kwa mpigo na ya juu yakaanguka yakapasuka na yenyewe, mama akacheka. Anti, mama alikuwa hajacheka wiki nzima. Toka siku hiyo ikawa yetu, mi nashika simu yeye anaelekeza. Alikuwa mpika vitumbua Ilala miaka na miaka, akaniambia hii gemu ni kama kuchambua mchele, mkono unafanya kazi kichwa kinapumzika.

Mama alifariki mwezi wa 2 mwaka huu. Tulikuwa levo ya 388. Saa hizi nipo levo ya 1,263.

Anti, nacheza kibandani, nacheza chooni, nacheza jikoni mboga inaungua, usiku baba watoto akilala naanza saa nne nashtuka saa nane. Juzi mteja katoa elfu 30 nimemhesabia elfu 50 sikuona mpaka nafunga hesabu jioni. Na kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Mwezi wa 4 nilikwama levo moja siku tatu, kila nikicheza hatua walizonipa zinaisha linabaki chungwa moja, chungwa moja tu, wananiambia lipia uongezewe hatua 5. Nikalipia elfu 2 na mia 5 kwa ile kadi ya mtandaoni ya kwenye simu. Nikasema ya leo tu. Jumapili nimekaa nimepiga hesabu za miezi mitatu, imefika 187,000, na zote nimechota kwenye floti ya kibanda. Baba watoto hajui.

Kitu kilichonifanya nikuandikie ni mwanangu. Nilikuwa nikicheza akija ananiomba uji namwambia subiri roho za mama ziishe, maana ukishindwa mara 5 zinaisha unasubiri. Sa hivi mtoto haombi tena uji, anakuja anasimama mlangoni ananiuliza "mama, zimebaki roho ngapi?" Nikimwambia tatu anaondoka.

Mdogo wangu anasema hizo gemu za watoto, futa tu. Nimejaribu kufuta mara mbili, kidole kinafika pale nalia. Naona kama namfuta mama. Je mi ni mgonjwa? Nifute au nifanyeje?

Mama Wawili, Buguruni.

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Pole ya mama, na pole ya huu mwaka mzima ulioubeba.

Naanzia kwa mdogo wako, maana neno lake limekuumiza na sidhani kama alijua anasema nini. Hiyo gemu haikuwa ya kitoto pale ulipoichukua. Mtu anayeuguza usiku anahitaji kitu cha kushika mkono mmoja, kisichohitaji kusoma, unaweza kukizima sauti, unakiacha katikati mgonjwa akiguna na ukirudi unakikuta hapo hapo. Kitabu hakiwezi hivyo, tamthilia haiwezi hivyo. Na mama yako Mungu amrehemu amesema kwa maneno machache kitu ambacho mi ningekizunguka kurasa mbili: kuchambua mchele. Unaona vurugu, unatoa kimoja kimoja, ungo unakuwa safi, na yale mawazo mazito yanakaa pembeni kidogo. Pumziko mlilopata nyie wawili lilikuwa la kweli. Usikubali mtu akuambie ulipoteza muda ule.

Ila nikuhadithie jinsi hizi gemu zilivyobadilika, kwa sababu ukishalijua hili utaacha kujiita mjinga. Aina hii ya kupanga vitatu ni ya zamani, mwaka 1994 Mrusi mmoja anaitwa Eugene Alemzhin alitengeneza ya mipira ya rangi, Shariki, kwa kompyuta za enzi hizo. Mwaka 2001 ikaja ya vito, Bejeweled, watu wakaipenda mno, unainunua mara moja imeisha, ni yako, cheza mpaka uchoke. Halafu mwaka 2012 ikatoka Candy Crush Saga, hii ya pipi ambayo hata mabibi wanaijua, na hiyo unaingia bure. Bure kabisa! Lakini una roho 5, ukishindwa inaondoka moja, na kila moja inachukua dakika 30 kurudi, kwa hiyo zikiisha zote ni masaa mawili na nusu mpaka zijae, au uombe marafiki, au ulipe. Na karibu kila gemu ya namna hii iliyokuja baadaye imefuata njia ile ile. Ona tofauti mwanangu, zamani ulikuwa unalipa ukiwa na furaha, kabla hujacheza. Sasa unaombwa hela pale pale ulipokwama, moyo umepanda, chungwa limebaki moja.

Na hilo chungwa moja ngoja nilishike hapa hapa kidogo kwa sababu naona limekula floti yako.

Ukipasua matunda, yanayoanguka kutoka juu hukuyachagua wewe. Yanakuja kwa bahati. Kwa hiyo hata ungekuwa hodari namna gani, kuna wakati mchezo umeamuliwa na kilichoanguka, we unaona umebakiza kidogo tu, kumbe kesho ukicheza vile vile yataanguka mengine na utabakiza kumi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walichapisha utafiti wa watu waliokuwa wanacheza hiyo ya pipi, wakaangalia wanavyokuwa wakishinda, wakishindwa vibaya na wakikosa kidogo. Waliokosa kidogo ndo walikuwa na hasira zaidi, na hao hao ndo walikuwa na hamu kubwa zaidi ya kuendelea. Yaani kukosa kidogo kunauma halafu kunavuta. Ni kitu kile kile kinachomkalisha mtu kwenye mashine za kamari, na zile hatua 5 unazouziwa zinakuja sekunde ile ile maumivu yapo. Elfu 2 na mia 5 haikuonekana hela. Igawe hiyo 187,000 kwa bei hiyo, ni kama mara 75. Mara 75 mwanangu uliguswa pale panapouma ukatoa hela, na naamini ukikaa chini huwezi kukumbuka hata mara kumi.

Halafu ujue wanaolipa ni wachache sana. Kampuni ya hiyo ya pipi ilipoingia soko la hisa New York mwaka 2014 ilitoa hesabu zake hadharani, kwa mwezi wachezaji walikuwa zaidi ya milioni 300 na waliolipa kama milioni 12, ni kama watu 4 kwenye kila 100. Hao wanne ndo wanabeba gemu ya wote. Wengi wa hao 96 ni kina sisi tunaocheza kwenye daladala tukifika kituoni tunazima. Na mi nacheza, sikufichi, nimecheza miaka mingi na naipenda, ndo maana nakuandikia hivi na sikuambii ni shetani.

Kinachonikera mimi hasa ni kwamba hazina mwisho. Wewe umekulia uswahilini umeona wazee wanacheza bao chini ya mwembe, kelele, matusi ya utani, lakini kete zikiliwa zimeliwa, mmoja kafungwa, anasimama anampisha mwingine. Drafti kijiweni hivyo hivyo. Na yule unayecheza naye ni mtu, anachoka, ana njaa, adhana ikiadhiniwa anaondoka. Hii ya kwenye simu anayecheza na wewe hachoki. Hiyo ya pipi ina levo zaidi ya 15,000 na kila wiki wanaongeza nyingine, hivyo ukisema ngoja nimalize ndo niache, hakuna cha kumaliza. Unasema umetoka levo 388 mpaka 1,263 toka mwezi wa 2. Hizo ni levo 875, na zote umecheza peke yako.

Hapo ndo penye donda naona. Mdogo wako alikuwa na zamu ya mchana. Mchana mama ana wageni, anapewa dawa, anaogeshwa, anasalimiwa. Ule usiku hakuna aliyeuona isipokuwa wewe na yeye, na yeye hayupo, kwa hiyo shahidi aliyebaki wa yale masaa ni hiyo simu. Ndo maana kidole kinakataa kufuta, na mi sikulaumu hata chembe. Lakini mwanangu, mama yupo mpaka levo ya 388. Levo ya 389 kuja huku hajawahi kuziona, hajakuelekeza hata tunda moja. Kadiri unavyosonga ndivyo unavyomuacha nyuma, na nadhani ndani yako unalijua hilo ndo maana unacheza bila raha.

Umeuliza kama ni mgonjwa. Shirika la Afya Duniani lina ugonjwa unaohusu gemu kwenye orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, na wanaangalia mambo matatu: mtu hawezi tena kujizuia, gemu inatangulia mbele ya mambo mengine ya maisha, na anaendelea hata akiona inamharibia. Na kwa kawaida wanataka iwe imeendelea kama miezi 12. Mi si daktari sikupimi kwa meseji. Ninachokiona una dalili za kutosha kukufanya ushtuke, na una msiba ambao hujaulia, na hivyo viwili vimeshikana. Ukijaribu haya ntakayokuambia kwa mwezi mmoja na ukashindwa, au usingizi ukagoma kabisa, au ukaanza kuona heri ungekufa, nenda hospitali uombe kumuona mtu wa afya ya akili, mwambie yote kama ulivyoniambia mimi. Hilo la mwisho usisubiri hata mwezi.

Sasa ya kufanya. Hela kwanza, leo, kabla hujalala. Ile kadi itoe kwenye akaunti ya duka la programu, na kama huwezi mwenyewe vijana wa simu hapo Buguruni wamejaa, mmoja akuelekeze ukiwa umeishika simu mwenyewe. Halafu weka ile ya kudai alama ya kidole au nywila kila ununuzi. Zima na vile vijumbe vinavyokuita, roho zako zimejaa, zawadi yako inakusubiri, ofa inaisha baada ya saa moja. Hakuna ofa inayoisha, kesho inakuja nyingine. Na kibandani simu yenye gemu isiwepo kabisa, iache nyumbani, kazi fanya na ile ya uwakala peke yake. Mtu anayeshika hela za watu hawezi kugawa macho, leo imekuwa elfu 20 ya mteja mmoja, siku nyingine inaweza kuwa laki.

Baba watoto mwambie. Najua hapa tumbo limekushika. Lakini floti ni mtaji wa nyumba nzima, na ikigundulika siku unahitaji kumtolea mteja hela huna, atasikia kwa wateja kabla ya kusikia kwako. Mwambie jioni ameshakula ameoga, umeshika daftari mkononi lina tarehe na kiasi kimoja kimoja, usipunguze hata mia, na anza na usiku wa mama, zile hela zije baadaye. Akikasirika muache akasirike, ana haki. Mwambie unarudisha kwenye kamisheni, hata elfu 5 kwa wiki, hapo hapo kwenye daftari lile lile.

Gemu yenyewe usiifute kesho. Kwanza fungua ile ramani ya levo, nyingi za hizi unaweza kuteremka mpaka chini kabisa, nenda mpaka 388. Piga picha ya skrini, itume kwa mdogo wako uwe nayo sehemu mbili. Halafu chagua siku umuite mdogo wako kwako, mkae pale pale kilipokuwa kitanda cha mama, icheze hiyo 388 mbele yake. Mwoneshe mama alikuwa anaelekezaje. Mwambie kuhusu pete, kuhusu alivyocheka yalipopasuka manne. Msimulie usiku mmoja mmoja, hata kama utachukua mpaka alfajiri, maana yeye kampoteza mama yule yule na hizo habari hana. Nafikiri siku hiyo hatasema tena gemu za watoto. Mkishamaliza, iondoe kwenye simu yako ukiwa naye pembeni. Ukiona siku hiyo bado huwezi basi iwe hivi, hiyo 388 tu, tarehe ya kufariki mama kila mwezi, na zile za mbele usiziguse.

Na mkono utadai kazi, hasa ile saa nne usiku, wiki mbili za kwanza zitakuwa ngumu sikudanganyi. Usiuache mtupu. Chukua ungo. Nasema kweli kabisa, chambua mchele wa kesho, pepeta, toa chuya na mawe, loweka. Kama una mkono wa mama yako pika vitumbua Jumamosi moja, hata vya watoto tu. Kilo moja ya mchele inaisha kuchambuliwa, unaona kabisa inaisha, unaosha mikono unalala.

Mwanao nimemuacha mwisho kwa sababu nilivyosoma pale ilibidi niweke simu chini. Mtoto wa miaka 6 ameshajua kuhesabu muda wake na mama kwa roho za gemu, na ukimwambia tatu anageuka bila kulia. Usimuombe msamaha mrefu, hataelewa. Leo jioni kabla hajafika mlangoni mfuate wewe, mkalishe jikoni, weka uji jikoni yeye akiona, mpe konzi moja ya mchele kwenye sinia atafute mawe na wewe. Akikuuliza zimebaki roho ngapi mwambie zimeisha.

Niandikie ukishaongea na mdogo wako.

Anti